Tano Iliyomo Ngumini

Mwanaume ninayempenda ndiye huyohuyo anayemliza mwanangu. Haya niambie, mtu unaanzia wapi kulieleza jambo kama hilo nyumbani kwenu?

Mara mbili kwa wiki namtoa Nusaiba Manzese nampeleka Kibamba, kwenye kliniki ya watoto, chumba cha mwisho chenye mipira na mikeka. Ansbert, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anamkalisha mezani, anaushika mkono wake wa kulia, anaupaka mafuta ya nazi, halafu anaanza kunyoosha vidole kimoja kimoja. Mwanangu ana miaka mitano. Analia mpaka sauti inakauka. Ananiita mie, anamwita bibi yake, anamwita hata baba yake, Khalfani, aliyeniacha mtoto hajaota jino na sasa yuko Ukonga na mke mwingine, wala habari hana. Ansbert haachii. Anamwimbia nyimbo za kwao Bukoba kwa sauti ya chini, jasho linamtiririka, haachii. Akimaliza ananitazama. Mara moja tu, haraka, kama mtu anayeiba. Basi hapo mie namfunga mtoto kamba za viatu ambazo hata hazijafunguka.

Ulikuwa moto. Mama yangu, Bi Somoe, alikuwa anakaanga bagia barazani, Nusaiba akapita anakimbizana na wenzake, akateleza, mkono ukazama kwenye karai la mafuta. Sitaki kuisimulia siku ile. Kidonda kilipona, tukashukuru Mungu, Mama akapika pilau. Hakuna aliyetuambia kwamba kovu la moto likishapona ndipo linapoanza kazi yake. Linavuta. Vidole vikaanza kuinama kuelekea kiganjani, kidogo kidogo, mpaka mkono wa mwanangu ukawa ngumi. Wakampasua, vikafunguka kiasi, ndipo tukapelekwa kwa Ansbert.

Ansbert alinieleza siku ya kwanza, polepole, bila madoido. Kovu linavuta kutwa kucha, kwa hiyo na sie tuvute kila siku. Mafuta yanalainisha, mazoezi yanafungua, na kile kilichofunguka kinalindwa na kibao. Kibao chenyewe ni cha plastiki, alikifinyanga mwenyewe kwenye maji ya moto kufuata kiganja cha Nusaiba, kina mikanda ya kunata. Mtoto akivuliwa kibao, alisema, kovu linarudi kulala palepale.

Na mwisho wa kila zoezi, huku mtoto bado ana kwikwi, anamnyooshea kiganja chake.

"Nipe tano."

Nusaiba anampiga na ngumi.

"Hii siyo tano, hii ni ngumi. Tano yangu iko humo ndani umeificha. Siku moja utanitolea."

"Sikupi!"

"Utanipa. Mie sina haraka."

Nilimpenda kwa hilo la kutokuwa na haraka. Mwanaume niliyekuwa naye kabla yake alikuwa na haraka ya kila kitu, hata ya kuniacha.

Jumatano hiyo sasa. Ansbert alikuwa hajaanza hata kuimba, akanyamaza, akaugeuza mkono wa mtoto huku na huku. Akatoka, akarudi na daktari Tekla, yule mama wa upasuaji ambaye hacheki na mtu. Daktari akajaribu kukinyanyua kidole cha kati. Kikagoma. Akajaribu cha pete. Nusaiba akapiga yowe.

"Vimerudi nyuma," daktari akasema. "Tena sana. Mama, mwisho wa mwezi nikivikuta hivi namrudisha chumba cha upasuaji. Tutachukua ngozi ya paja, tutaanza upya. Na nikuambie ukweli, viungo vikishagandia, hata mie sitavifungua. Atabaki hivyo."

"Hivyo vipi, daktari?"

"Hivyo. Ngumi."

Akatoka. Mwanangu mwanamke, mkono wa kulia! Atakula na nini mbele za watu? Atashika kalamu na nini? Ataolewa apakwe hina wapi, juu ya ngumi?

"Mama Nusaiba," Ansbert akaniita.

Nikajua kuna shari. Tukiwa na amani mie ni Rukaiya.

"Kibao hiki anakivaa muda gani?"

"Si ulisema kutwa? Namfunga mwenyewe asubuhi kabla sijaenda kwenye cherehani. Jioni nikirudi namkuta nacho."

"Usinidanganye."

"Weee! Nani anakudanganya?"

Akakiinua kibao kwenye mwanga wa dirisha. "Mtoto anayevaa kitu hiki kutwa anakimwagia uji. Anachezea nacho mchanga. Mikanda inajaa nyuzi mpaka haikamati tena. Tazama hiki. Utasema kimetoka dukani leo."

Nikakitazama. Kilikuwa kisafi kweli, na usafi ule ulinitia hasira.

"Kwa hiyo mie namharibu mwanangu kwa makusudi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Wewe huna mtoto, Ansbert. Hujui kukaa nyumba moja na mtoto anayelia. Wewe unamliza, unanawa mikono, unaenda kunywa chai yako!"

Akakiweka kibao mezani taratibu.

"Siku za Nusaiba sinywi chai," akasema. "Huwa haipiti."

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwomba radhi, nilitaka kumshika, nilitaka kumpiga na kile kibao. Sikufanya hata moja. Na hapo ndipo mwanangu, aliyekaa mezani anabembeza miguu, akasema kama anayetaja alichokula mchana:

"Bibi ananivuaga."

Tukageuka wote wawili.

"Anakuvua nini, mama?"

"Kibao. Ukienda kazini ananivua, ananifunga na kanga, mkono ulale. Ukikaribia kurudi ananivisha. Alisema mkono nao unataka kupumzika."

Ansbert akafumba macho. Mie nikambeba mtoto, sikuaga.

Nyumbani niliingia kama mvua ya mawe. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, na kaka yangu mkubwa, Mwinjuma, yuko kwenye kiti cha baba yetu marehemu, anakunywa maji. Hata shikamoo sikumpa mtu.

"Mama, unamvua Nusaiba kibao?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Nakuuliza, Mama. Unamvua, humvui?"

"Namvua."

"Kwa nini? Mama, kwa nini? Daktari anasema vidole vinagandia! Mwisho wa mwezi wanampasua tena, na wakishindwa ndiyo basi, atakufa na ngumi ile! Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Usimpigie mama kelele," Mwinjuma akasema.

"Kaka, we tulia kwanza!"

"Alikuwa analia, Rukaiya." Mama alizungumza na mchele, hakuniangalia. "We ukishaondoka anakuja hapa, ananinyooshea mkono, ananiambia bibi nitoe, kinaniuma. Bibi nitoe. Ananiambia mie! Mie niliyekuwa na lile karai! Nilimuunguza mara moja, na sasa mnataka nikae nimwangalie anaumia mara ya pili? Siwezi. Nichinjeni, siwezi."

Nikakaa chini. Unaijua mikono ya mama yangu? Manzese nzima, mwanamke akijifungua, anaitwa Bi Somoe aje kumkanda mzazi na kumkanda mtoto. Vichanga vingapi vimelala kwenye mapaja yake, vinavutwa miguu, vinakunjwa, vinalia, vinanyamaza na kusinzia. Tangu siku ya karai hajamkanda mtoto wa mtu. Wanakuja kumwita, anasema mgongo unamuuma.

"Haya, na mie niseme," Mwinjuma akaweka bilauri chini. "Hilo la kibao limepita. Ila ishu ya Kibamba nimeshaletewa maneno. Umeonekana kituoni umesimama na huyo mtu wa mazoezi mnacheka."

"Kucheka nako dhambi?"

"Rukaiya, mie si mtoto. Unampenda, humpendi?"

Mama akainua uso. Ningeweza kusema simpendi. Neno moja tu na yote yangetulia. Lakini nilikuwa nimechoka, na moyo wangu ulikuwa umejaa mpaka shingoni.

"Nampenda," nikasema.

"Mkristo?"

"Mkristo. Nampenda hivyohivyo."

Mwinjuma akatikisa kichwa, na haki yake nimpe, hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa na huzuni kuliko hasira. "Baba aliniachia nyumba hii na nyie. Sina ubaya naye. Lakini mtoto haendi tena Kibamba. Tutatafuta pengine."

"Pengine wapi? Mwezi unakwisha! Nitajie hata mahali pamoja!"

"Atakaa hapa. Mama atamkanda."

"Mama hakandi tena, Kaka! Huoni?"

Mama akachukua ungo wake akaenda uani.

Ijumaa hatukwenda kliniki. Simu ya Ansbert iliita nikiwa kwenye cherehani, nikaitazama mpaka ikakata. Ikaita tena. Ningemwambia nini? Kwamba nimeshindwa? Nilishona sketi ya shule ya mtoto wa watu upande wa nyuma mbele, bosi akanifokea, nikamwambia anikate kwenye mshahara aniache nilie. Kila nikifumba macho naiona ile ngumi ikiwa kubwa, ngumi ya mwanamke mtu mzima, imefichwa ndani ya mtandio.

Jumamosi mchana tunamaliza kula, nikasikia hodi.

"Karibu," Mama akaitikia, maana hajui kufunga mlango kwa mtu.

Akaingia Ansbert. Viatu ameviacha kizingitini, mkononi ana kibao, kile nilichokiacha mezani siku ile. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitamani pia abaki asimame pale mlangoni maisha yangu yote nimwangalie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzetu?"

"Naitwa Ansbert. Ndimi ninayemliza mjukuu wako."

Mwinjuma akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. "Braza, hapa umepotea njia."

"Mwinjuma, keti," Mama akasema. "Amepiga hodi kwangu, nimemkaribisha. Sema, mwanangu, kilichokuleta."

Ansbert akakaa kwenye mkeka, magoti pamoja, kama anayekuja kuposa. Wala hakunitazama. Mwanaume huyu aliyekuwa ananiibia jicho kila wiki, leo macho yako kwa mama yangu tu.

"Nilipouliza njia ya kuja hapa, nimesikia majirani wanavyokusema, mama. Kwamba mtoto akilia kwa mkono wako, analia kwa heri. Nimekuja nikufundishe ninachofanya. Asubuhi, mchana na jioni, hapahapa nyumbani. Mie nilikuwa nampata Nusaiba saa moja tu, tena kwa wiki mara mbili. Wewe unaye kutwa. Ukiushika wewe mkono huu, utafunguka kabla daktari hajatoa kisu. Usiposhikwa na mtu, haufunguki. Hilo ndilo lililonileta."

Mama yangu si mjinga.

"Nikishajua mie, wewe utakuwa na kazi gani tena?"

"Sitakuwa na kazi."

"Na kule Kibamba?"

"Siku ya kuonwa na daktari mtampeleka. Atapokelewa na mwenzangu, Revelian."

"Na binti yangu?"

Sema, nikamwambia moyoni. Sema unanitaka, ugombane, upigwe, lakini sema.

"Mama, kama kuniogopa mie ndiko kunakomzuia mtoto kutibiwa, basi nitakaa mbali na binti yako," akasema. "Sitampigia simu. Nipe neno lako kwamba utamkanda kila siku na kibao hakitoki. Na mie nakupa langu."

"Apa," Mwinjuma akadakia.

"Naapa kwa Mungu, kaka. Na sidhani kama tunao wawili."

Mwinjuma akainamisha uso.

Nusaiba akaletwa. Alipoona mafuta ya nazi akaanza kulia kabla hajaguswa. Mama akamweka mapajani, akaushika ule mkono, mafuta yakamponyoka yakamwagika kwenye kanga. Akavuta kidogo. Mtoto akapiga kelele, "Bibi, nitoe!" Mama akauachia kama aliyeshika kaa la moto.

"Nimewaambia siwezi!"

"Naomba nikushike mikono, mama," Ansbert akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Ansbert akaweka mikono yake juu ya ile mikono mizee, taratibu, kwa adabu.

"Usivute. Kichanga cha siku saba ukikikanda, si unasubiri mwili ulegee?"

"Nasubiri."

"Na akilia?"

"Namwacha alie. Siongezi, sipunguzi. Nabaki palepale."

"Basi ni hivyohivyo. Hili kovu nalo ni kichanga, halijui lolote. Baki palepale."

Mama akafumba macho. Nikaona mabega yake yakishuka. Nusaiba alilia, na Mama machozi yalimtoka akalia pamoja naye bila sauti, lakini vidole vyake vilikuwa vimekumbuka kazi. Alibaki palepale. Nami nikayaona mapenzi yangu yakitoka mikononi mwa Ansbert yanaingia mikononi mwa mama yangu, na sikuweza kumzuia yeyote kati yao, maana mkono uliokuwa katikati yao ni wa mwanangu.

Ansbert akanyanyuka. "Umeshaweza, mama. Mie naaga."

"Nenda salama, mwanangu," Mama akasema, macho kwa mtoto. "Rukaiya, msindikize mgeni. Mpaka mlangoni."

Mpaka mlangoni. Kwetu mgeni tunamsindikiza mpaka barabarani, tunamwona anapanda gari ndipo tunarudi. Wangu mie mwisho kizingitini.

"Umeniuza," nikamwambia kwa kunong'ona.

"Rukaiya."

"Usiniite Rukaiya! Hukuniuliza. Umekaa pale umenigawa kama sahani ya futari."

"Ningekuuliza ungekubali?"

"Nisingekubali hata kwa panga!"

"Ndiyo maana. Hukupokea simu, nikajua umekatazwa. Usiku kucha nimetafuta njia ya kuwapata wote wawili. Sikuiona. Kisha nikawaza, siku Nusaiba atakapokuwa mkubwa akaniuliza kwa nini mkono wake uko hivi, nimwambie nilikuwa nampenda mama yako? Nitamwambiaje?"

Nilimchukia kwa kuwa alisema kweli.

Akainama kuvaa viatu. Zile kamba zikamshinda. Mikono inayofungua vidole vya watoto wa watu ikawa inazungusha kamba ya kiatu haifungi, inaanza tena. Jirani yetu wa mbele alikuwa anaanika nguo, akasimama na pegi mdomoni anatuangalia. Aone. Nikapiga magoti kizingitini kwa mama yangu, nikamfungia Ansbert viatu vyote viwili, fundo la kukaza. Chozi langu moja likaangukia kiatu cha kushoto. Hakulifuta.

Akaondoka. Hakugeuka nyuma, na mie nilimwombea asigeuke, maana ningemfuata hivyohivyo peku.

Niliporudi ndani, Nusaiba alikuwa amenyamaza. Mama bado ameushika mkono, Mwinjuma amechuchumaa karibu yao, mdomo wazi. Kidole cha shahada kimenyooka. Cha kati nacho kimenyanyuka, kimepinda bado, lakini ndani ya kiganja kuna mwanga ambao sikuuona kwa miezi. Mama akakivisha kibao juu yake, akakaza mikanda mmoja mmoja, mwenyewe.

Nusaiba akauangalia mkono wake, akauangalia mlango.

"Mjomba Ansi yuko wapi? Hajaniomba tano yake."

"Ameondoka, mama," nikasema.

"Atakuja lini?"

Nikageukia ukuta. Mwinjuma akakohoa. Aliyejibu ni Mama.

"Tano yake si imo humu bado? Haijatoka yote. Siku mkono huu ukifunguka wote, vidole vyote, mie mwenyewe nitakuchukua nikupeleke Kibamba ukampe."

"Mama!" Mwinjuma akasema.

"Nimesema nitampeleka. Na mama yake atatusindikiza."

Nikageuka. Mama hakuniangalia, alikuwa anafuta mafuta kwenye kanga yake. Nusaiba akafikiri kidogo. Akajifuta kamasi kwa mkono wa kushoto, akavuta mkanda wa kibao kwa meno mpaka ukabanduka, kisha akaurudisha mkono wake mapajani kwa bibi yake.

"Basi nikande tena, bibi," akasema. "Hata nikilia, usiniachie."